Mtoto wangu mwenye usonji anarudia maneno yangu badala ya kujibu: je, nimzuie?

SWALI

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka 6. Tunaishi Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, na biashara yangu ni dagaa ninaowanunua Kibirizi. Mwaka jana daktari alimchunguza mwanangu akasema ana usonji. Maneno anayo, lakini swali halijibu, hulirudisha kama lilivyo. Nikimwuliza, "Unataka chai?" naye husema, "Unataka chai?" na nisipompa, analia. Bibi yake, ambaye huongea naye Kiha, humsalimu "mwakeye" kila asubuhi. Sasa mtoto humwambia bibi "mwakeye" hata usiku. Linalonitisha zaidi ni kwamba tukiwa sokoni, au mahali popote penye kelele, hupaza sauti, "Kaa chini! Maji yanaingia!" na maji hayapo. Majirani wanasema alichukuliwa na ziwa, kwa kuwa alipokuwa na miaka 3 tulipanda boti kwenda Mwamgongo, tukakutwa na upepo mkali njiani, nao wanahesabu kwamba matatizo yalianzia hapo. Shuleni mwalimu akiwaambia watoto "Kaeni chini", mwanangu huanza maneno yake yale yale, darasa linacheka, na ameshaadhibiwa mara mbili kwa kudhaniwa kwamba anamdhihaki mwalimu. Nimeshauriwa nisimjibu mpaka aseme vizuri, na tuache kabisa Kiha nyumbani. Je, nimzuie kurudia maneno? Na je, ni kweli Kiha kinamchanganya?

JIBU

Mama, maswali yako yote mawili nayajibu hapana: usimzuie kurudia maneno, wala msiache Kiha. Sababu zake zinahitaji maelezo marefu kidogo, nami naomba nianze na yale maneno yanayokutisha, kwa maana katika barua yako umeeleza yalikotoka bila kukusudia.

Boti inapokutwa na upepo kati ya Kibirizi na Mwamgongo, abiria huanza kusimama na kushikana, na aliyeshika usukani hana budi kuwapigia kelele wakae chini ili boti isilale upande. Jaribu kuikumbuka siku ile. Yupo mtu aliyesema, "Kaa chini!" na yupo aliyesema kwamba maji yanaingia, na mwanao alikuwa mapajani pako akisikia mngurumo wa injini, akilowa, na kuhisi jinsi mikono yako ilivyomkaza. Mtoto huyo wa miaka 3 hakuwa na neno "naogopa". Aliyachukua maneno aliyoyasikia katika saa ile, akayaweka pamoja na hofu yake, kama dagaa walioanikwa mchangani wanavyobeba chembe za mchanga hadi chunguni. Leo kelele za soko zinapomzidi, hayaoni maji mbele yake, na hakuna kitu kilichomwingia. Anakuambia "naogopa" kwa maneno pekee aliyo nayo kwa jambo hilo.

Sisi tunaofanya kazi ya tiba ya lugha na mawasiliano huita hali hii ekolalia, yaani mwangwi wa maneno. Upo mwangwi wa papo hapo, kama ule wa chai, na upo mwangwi wa baadaye, ambapo maneno yaliyosikika siku, miezi au hata miaka iliyopita hurudi mahali ambapo msikilizaji haoni uhusiano wowote. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto huko Marekani aliyechapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11 ambayo ndiyo yaliyoipa hali ya usonji nafasi yake katika tiba, aliliona jambo hili tangu mwanzo. Alieleza habari za mtoto mmoja ambaye mama yake alikuwa akimwimbia wimbo wa watoto, akaangusha sufuria. Tangu siku ile mtoto alitamka maneno mawili ya wimbo ule kila alipoona kitu kinachofanana na sufuria. Asiyeijua habari ya jikoni angesema mtoto anaropoka. Mwaka 1946 Kanner aliandika makala nyingine kueleza kwamba maneno ya namna hiyo yana maana, na kwamba maana yake hupatikana kwa kutafuta yalipozaliwa.

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi wataalamu wengi waliuona mwangwi kuwa tabia ya kukomeshwa. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walichapisha uchunguzi wa mwangwi wa papo hapo, wakiangalia si maneno tu bali pia macho ya mtoto yalielekea wapi, mikono yake ilifanya nini na sauti yake ilipanda au ilishuka, nao wakatambua kazi saba ambazo mwangwi hufanya, miongoni mwake kushika zamu katika mazungumzo, kuomba, kukubali, na kujiongoza mwenyewe katika tendo. Kwa hiyo anayekushauri usimjibu mtoto hadi aseme vizuri anakushauri uzibe njia ambayo mtoto anapita sasa, kabla hajapata njia nyingine. Silaumu nia yake, lakini ushauri wenyewe siukubali.

Sasa tuje kwenye chai, ambako lugha yetu ina jambo lake la pekee. Katika Kiswahili swali na maelezo vinaweza kuwa na maneno yale yale kabisa: "Unataka chai?" na "Unataka chai" hutofautiana kwa kiimbo tu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Isitoshe, anayetaka hana neno lake la kujitegemea. Amefichwa ndani ya kitenzi, katika silabi moja ya mwanzo. Mtu mzima husikia u- na kujua kwamba anaambiwa yeye, kisha akijibu huibadilisha kuwa ni-. Mtoto anayeichukua sentensi nzima kama furushi lililofungwa hauoni mshono huo. Kwake "unatakachai" ni kitu kimoja, nacho ni sauti inayosikika muda mfupi kabla kikombe hakijafika. Anapolirudisha furushi hilo kwako, mara nyingi anakubali chai, na machozi yanayofuata usipompa ni ushahidi wa kutosha kwamba alikuwa amejibu.

Fanya jaribio hili kwa siku chache. Punguza maswali. Unapoandaa chai, simama mahali anapokuona, shika kikombe, na badala ya kumwuliza, sema yale ambayo yeye angeyasema: "Nataka chai." Sema polepole, mara moja, kisha nyamaza na uhesabu moyoni hadi kumi. Ukimya huo ni mgumu kwa mzazi, lakini watoto wengi wenye usonji wanahitaji muda mrefu zaidi kuyapokea maneno na kuyafanyia kazi, na sisi huwarushia swali la pili kabla la kwanza halijatua. Akirudia "Nataka chai", atakuwa amerudia sentensi inayomfaa maisha yake yote. Akinyamaza na kunyoosha mkono tu, mpe chai. Usimshikilie kikombe hadi atamke, kwa maana mtoto anayejifunza lugha akiwa na njaa na hofu hujifunza hofu kwanza.

Neno "ndiyo" nalo lisikukoseshe usingizi. Miongoni mwa wale 11 wa Kanner alikuwemo mvulana aitwaye Donald Triplett. Baba yake alimfundisha kusema "ndiyo" kwa kumwahidi kumbeba mabegani, na kwa muda mrefu neno hilo likawa na maana moja tu kwa mtoto: nibebe mabegani. Donald huyo alikuja kusoma hadi chuo, akafanya kazi benki katika mji wake wa Forest, Mississippi, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akikaribia kutimiza miaka 90. Simtaji ili kukuahidi kwamba mwanao atakuwa kama yeye, kwani wenye usonji hutofautiana sana na wapo wasiozungumza kwa mdomo maisha yao yote. Namtaja kwa sababu maneno yaliyoonekana kupotoka utotoni hayakuwa kipimo cha mtu aliyekuwa ndani yake.

"Mwakeye" ya usiku ni jambo lile lile, tena ni jambo la kufurahisha. Sisi tunajua kwamba salamu hiyo ni ya asubuhi. Yeye anajua kwamba ndiyo sauti ya kukutana na bibi. Bibi aitikie kwa furaha, kisha baada ya kuitikia amwambie salamu ya jioni mara moja, bila kumsahihisha wala kumtaka arudie. Kuhusu Kiha kwa ujumla, tafiti zilizofanywa katika nchi kadhaa, ikiwemo Kanada, zimelinganisha watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili na wale wa lugha moja, wala hazikuona kwamba lugha ya pili huwachelewesha zaidi. Kinachoonekana wazi ukiondoa Kiha ni kwamba bibi ataongea naye kidogo zaidi, na kwa Kiswahili ambacho si lugha ya moyo wake. Mtoto mwenye shida ya mawasiliano atakuwa amepunguziwa mtu wa kuwasiliana naye.

Kuhusu ziwa nitasema machache. Usonji ni namna ambavyo ubongo hukua tangu kabla ya kuzaliwa, na urithi una sehemu kubwa ndani yake. Dalili huanza kuonekana wazi katika miaka ile ile ya pili na ya tatu ambayo watoto hupelekwa safari, hupata homa na huchanjwa, ndiyo maana kila familia hupata tukio la kulilaumu. Chanjo ya surua ililaumiwa vivyo hivyo kutokana na makala ya mwaka 1998 huko Uingereza, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010 baada ya kasoro zake kubwa kubainika. Safari ya Mwamgongo ilimpa mwanao maneno na kumbukumbu ya hofu, haikumpa usonji. Wala wewe hukukosea kumpandisha boti.

Akianza kusema "Kaa chini! Maji yanaingia!" usimwambie kwamba hakuna maji, kwa kuwa hilo analijua. Mtoe penye kelele, hata kama ni kuingia nyuma ya kibanda tu, shusha sauti yako, na umwambie maneno mafupi ambayo yeye angeweza kuyatumia: "Naogopa. Kelele nyingi." Kwa mtoto mwingine sauti ya mashine ya kusaga au honi ya treni huumiza kweli, na huo si ukaidi, tofauti za hisi za namna hii zimo katika vigezo vya utambuzi wa usonji tangu mwongozo wa Marekani ulipotolewa upya mwaka 2013. Ukirudia hivyo kila mara, huenda siku moja akakuambia "kelele nyingi" kabla hajafika kwenye kilio. Inaweza kuchukua miezi.

Chukua pia daftari, na kwa wiki mbili uandike kila sentensi anayoirudia: mlikuwa wapi, nini kilitangulia, alikuwa akitazama nini, na kiimbo kilikuwa cha nani. Kiimbo ni muhimu kuliko wazazi wengi wanavyodhani, kwa sababu watoto hawa mara nyingi huhifadhi sauti pamoja na maneno. Ukimsikia akisema jambo kwa sauti ya shangazi au ya mtangazaji wa redio, umeshajua pa kuanzia kutafuta. Daftari hilo litamfaa mtaalamu yeyote atakayemwona kuliko maelezo ya kukumbuka. Wapo wanaouza mafunzo ya hatua kwa hatua ya kuvunjavunja mafurushi haya ya maneno kwa ahadi kubwa. Ushahidi wa mipango hiyo bado ni mwembamba, na fedha yako ya dagaa nisingependa iende huko. Kama masikio yake hayajapimwa, anza na hospitali ya rufaa ya mkoa ili yapimwe. Na iwapo wakati wowote atapoteza maneno aliyokuwa nayo, au atakuwa anaganda na kukodoa macho bila kuitika, mpeleke haraka, kwa sababu kifafa huwapata wenye usonji mara nyingi kuliko watoto wengine, nacho kina dawa.

Limebaki la shule. Mwalimu anasema "Kaeni chini" bila kujua kwamba kila siku anamrudisha mtoto ndani ya boti. Nenda ukamweleze habari ya safari ile kwa utulivu, kama ulivyonieleza mimi, na umwombe mambo mawili: atumie neno "keti" au "ketini" badala ya "kaa chini", angalau kwa muhula huu, na amweke mwanao mahali pasipo karibu na mlango au dirisha lenye kelele. Walimu wengi niliowaona wakielezwa hivi wamebadilika siku hiyo hiyo, kwa kuwa walichokosa ni habari tu. Ikiwa adhabu zitaendelea, muone mwalimu mkuu, kisha afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya kusoma bila kubaguliwa, na huhitaji kuiomba kama fadhila. Nenda na daftari lako, ufungue ukurasa ulioandika maneno yale ya boti, na umwachie mwalimu ausome mwenyewe.