Dampa ya injini: angalia maunting kwanza

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama waweza kufunga dampa ya injini (shokamzoba ndogo ya kati ya injini na bodi, ya kuzuia injini isiruke) mwenyewe uani, maana injini yaruka kila ukikanyaga mafuta. Waweza, ila kagua maunting kwanza, yaani vishikizo vya raba vinavyobeba injini. Raba ikiwa imepasuka, badilisha hiyo. Dampa haiponyi maunting iliyokufa.

Kazi yenyewe ifanye injini imezimwa na imepoa. Fimbo ya dampa ikae katikati ya mwendo wake, ipate nafasi ya kuingia na kutoka. Ikifungwa imejikunja hadi mwisho, kishindo chote kitabebwa na bolti, nazo zitakatika. Usiifunge kwenye bati jembamba, tafadhali; tafuta sehemu nene ya bodi. Ukishakaza, paka grisi juu ya bolti, chumvi ya bahari hii yala chuma upesi. Mtikisiko ndani ya gari utazidi kidogo, usishtuke.