Uliza Tukujibu: Mwenye shamba yuko Dar, mhuri umegongwa Mtwara

SWALI: Shikamoo anko. Niko Newala, nanunua shamba la mikorosho kwa mzee mmoja, sasa hivi yuko Dar kwa binti yake anatibiwa. Kijana wake kaniletea mkataba umeshasainiwa na mhuri wa wakili wa Mtwara mjini upo, anataka nilete hela tumalize. Nimempigia mzee, anasema ni kweli anauza ila mkataba hajauona. Mhuri si upo, niogope nini?
Mnunuzi, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Ogopa, tena sana. Mzee kakwambia kwa mdomo wake hajauona mkataba, sasa hiyo saini ni ya nani?

Hebu soma yale maneno ya pembeni ya mhuri ambayo watu huwa wanayaruka, utakuta kitu kama "umesainiwa hapa Mtwara na fulani ambaye ninamfahamu, au ametambulishwa kwangu na fulani ninayemfahamu, leo tarehe kadhaa". Maana yake wakili anasema kwa jina lake kwamba mzee alifika, akakaa kwenye kiti pale mbele yake, akasaini au akaweka dole gumba na yeye anamwona. Na siku hiyo mzee yuko Dar, zaidi ya kilometa 500 huko!

Mimi nimewahi kuwa karani kwenye ofisi moja ya wakili, mhuri unabaki kwenye droo, bosi yuko kortini, mtu anakuja na karatasi zake na nauli ya kurudi Tandahimba inamuwasha mfukoni, unagonga tu bosi atasaini jioni. Sio halali, ila ndo ilivyokuwa. Kwenye viapo vya maandishi vya mahakamani ndo balaa zaidi, Sura ya 12, ile sheria ya mawakili wanaothibitisha hati na kuapisha, kifungu cha 8 inamtaka anayeapisha aweke jina lake na aseme ukweli kiapo kimefanyika wapi na tarehe gani, na maombi mangapi yametupwa mahakamani kwa kukosa hivyo tu. Halafu wakili anayekutetea kwenye kesi haruhusiwi kukuapisha kwa kesi hiyohiyo, wengi hawajui.

Sasa wewe, mkataba uandikwe upya, mzee asaini mbele ya wakili huko huko Dar, kama hawezi kutoka kitandani wakili anamfuata, na wewe usaini mbele ya wa kwako huku, kila mmoja aandike mahali na tarehe yake. Jina la wakili liangalie kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wa mawakili, leseni zao ni za mwaka mwaka, na vishoka wapo.

Na kama shamba ni ardhi ya kijiji, mhuri wa wakili hauchukui nafasi ya halmashauri ya kijiji. Nenda kwao, na majirani wa mipaka wawepo.

Huo mkataba wa kijana usimrudishie kabla hujaupiga picha, hasa ule ukurasa wa mhuri.