Amesahausahau tangu ajali ya pikipiki: tuongeze dawa gani?

SWALI: Bwana yangu ni motari hapa Goma. Miezi mitano iliyopita aligongwa na gari, akalala siku tatu bila fahamu. Mwili umepona, lakini ukimtuma vitu viwili analeta kimoja, na kujibu kwake kumekuwa kwa polepole. Anameza sitikolini, fenobarbitali miligramu 100 kila jioni tangu atoke hospitalini (hajawahi kushikwa na kifafa), na diazepamu ya usingizi. Kwenye farmasi wanasema niongeze sitikolini na pirasetamu, ati zinaamsha ubongo. Niongeze? Na pikipiki, anaweza kurudia? Mama wa Majengo.

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Usinunue kitu kwanza. Katika dawa tatu ulizoandika, mbili zinaweza kumfanya hata mtu mwenye afya awe mzito wa kufikiri: fenobarbitali na diazepamu. Kabla ya kutafuta dawa ya kumwamsha, tuulize kwa nini bado anapewa za kumlaza.

Fenobarbitali huenda alipewa ili kuzuia kifafa kinachoweza kufuata jeraha la kichwa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1990 ulipima fenitoini, dawa nyingine ya kazi hiyo: ilipunguza kifafa katika wiki ya kwanza tu, baada ya hapo haikuwa na faida. Ndiyo maana mgonjwa ambaye hakushikwa kabisa kwa kawaida huachishwa kinga hiyo baada ya siku 7. Miezi mitano ni mingi. Lakini tafadhali, usimwachishe mwenyewe! Fenobarbitali ikikatwa ghafla inaweza kuleta kifafa kibaya kisichokoma, na diazepamu iliyozoeleka ni hivyo hivyo. Mpeleke kwa daktari na maboksi yote, umwambie: "Hajawahi kushikwa, bado anazihitaji?" Pengine ana sababu yake, kwa mfano mfupa wa kichwa ulioingia ndani. Kama hana, atazishusha kidogo kidogo.

Sasa sitikolini. Ilijaribiwa vizuri sana: wagonjwa 1,213 wa jeraha la ubongo, miligramu 2,000 kwa siku, siku 90, wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa ndani ili kulinganisha. Matokeo yakatoka mwaka 2012: hakuna tofauti. Kwa pirasetamu ushahidi ni dhaifu. Pesa hiyo mnunulie samaki na maharagwe.

Zipo dawa ambazo madaktari hujaribu. Methilfenideti inaweza kuongeza kasi ya kufikiri na umakini, ila haimrudishii mtu kumbukumbu moja kwa moja, na inapandisha mapigo ya moyo. Donepezili, ya ugonjwa wa Alzheimer (ule wa kusahau uzeeni), wengine huitumia kwa kumbukumbu. Husumbua tumbo na kupunguza mapigo. Amantadini iliharakisha kuzinduka kwa watu waliokuwa bado hawajitambui vizuri wiki 4 hadi 16 baada ya ajali. Bwana yako hayuko huko, tena inaweza kuchokoza kifafa. Hakuna hata moja ya kununua bila daktari, na faida yake ni ndogo kuliko maneno ya muuzaji.

Umwombe daktari aangalie pia usingizi, huzuni, maumivu ya kichwa na upungufu wa damu. Anayelala vibaya husahau, kichwa kiwe kilipigwa au hapana. Pombe aiache, kasiksi ikiwemo. Simu imkumbushe kwa kengele, na ukimtuma, mwandikie. Kitu kimoja kwa mara moja. Mbinu hizi zinamfaa kuliko boksi la pili la sitikolini.

Akianza kurudi nyuma badala ya kusonga mbele, kichwa kikauma zaidi, akasinzia mchana au mkono mmoja ukalegea, usingoje rendezvu: damu inaweza kukusanyika taratibu juu ya ubongo hata wiki nyingi baada ya kipigo. Hapo inatakiwa picha ya skana siku hiyo hiyo.

Pikipiki bado. Anayechelewa kujibu swali atachelewa kushika breki, na fenobarbitali na diazepamu zinamchelewesha zaidi. Daktari ampime umakini baada ya dawa hizo kushushwa, ndipo mzungumze kazi. Kwa sasa kama kuna jamaa mwenye duka, akamsaidie kupanga bidhaa asubuhi.