Re: Napoleon aliuzaje Louisiana kwa bei ya kutupa?

Mkuu umeuliza Napoleon alilogwa au vipi mpaka akawaachia Wamarekani Louisiana nzima (sio jimbo la leo tu, ni eneo kubwa la katikati ya Marekani) kwa dola milioni 15 mwaka 1803. Hakulogwa, mipango ilimfia. Jibu liko Haiti, koloni la Ufaransa wakati ule. Jamaa alitaka kurudisha himaya ya Ufaransa kule Amerika, Haiti itoe sukari na kahawa, Louisiana iwe ya kuilisha Haiti, sasa watumwa wa Haiti walishaamka zamani, akamtuma shemeji yake Leclerc na maelfu ya wanajeshi, wakachapwa vitani, halafu homa ya manjano ikamalizia, Leclerc mwenyewe akafia hukohuko 1802. Bila Haiti, Louisiana ya nini? Na vita na Muingereza inanukia, hela anaitaka.

Kinachochekesha, wajumbe wa Marekani, akina Livingston na Monroe, walikuwa wanautaka mji wa New Orleans tu ili wakulima wapitishe mizigo mto Mississippi, wakaambiwa bebeni yote. Nchi ikawa karibu mara mbili! Halafu benki ya Baring ya London ilikuwemo kwenye kufanikisha malipo, yaani Waingereza wanasaidia kumlipa adui yao 😂

Ila usiseme aliuza "ardhi yake". Humo waliishi makabila ya wenyeji, Waosage, Walakota na wengine kibao, hakuna aliyewauliza. Alichouza hasa ni nafasi ya kuwanyang'anya bila Mzungu mwingine kuingilia, na baada ya sheria ya 1830 ya kuwahamisha wenyeji wa mashariki, Wacherokee nao wakaswagwa mpaka Oklahoma, ndani ya eneo hilohilo.