Jibu: chama cha walimu wa michezo kisajiliwe wapi?

Mwalimu, umeuliza kama ninyi walimu wa elimu ya michezo na afya hapo Moshi mkasajili chama Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Inategemea. BMT, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya 1967, inasajili vyama na klabu za michezo. Chama cha kitaaluma cha walimu kinakwenda kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Msichanganye na Chama cha Walimu Tanzania (CWT), hicho ni chama cha wafanyakazi.

Kazi kubwa ni katiba. Andikeni wazi ukomo wa uongozi, akidi ya mkutano mkuu, na mweka hazina asiwe mtia saini pekee benki. Mwenyekiti naye asiwe ndiye anayekagua hesabu! Vyama vingi hufia hapo, si kwenye ada.

Mafunzo msisubiri usajili. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ipo tayari: kaeni kwenye vituo vya walimu, mmoja aoneshe kupasha misuli, mwingine huduma ya kwanza kwa aliyeteguka. Ila msipange kipindi cha UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hamtampata mtu. Afisa michezo wa halmashauri mshirikisheni mapema, viwanja mtapewa kirahisi.