Maswali ya gemu: Dragon's Dogma 2 na kaka yake wa 2012

Asalaam alaikum. Nimemaliza Dragon's Dogma ya kwanza kwenye PS4 mara mbili, na sasa ninaweka akiba ya PS5. Hii ya pili ni hadithi inayoendelea, au ni gemu ileile imepakwa rangi mpya?
*Msomaji, Wete*

Waalaikumu salaam. Hadithi haiendelei. Joka linakung'oa moyo tena, unakuwa Arisen (aliyechaguliwa na joka) tena, unapewa Pawn (msaidizi anayeendeshwa na gemu yenyewe) wako wa kudumu na kukodi wengine wawili, lakini nchi ni nyingine. Gran Soren na Cassardis za gemu ya kwanza hutaziona. Utatembea Vermund, mji wake mkuu ukiwa Vernworth, kisha uvuke kwenda Battahl. Hata jina linapotokea kwenye kioo mwanzoni mwa gemu halina namba 2. Mtengenezaji Hideaki Itsuno aliyaongoza yote mawili, na wengi wetu tunaiona hii kuwa ni ile ya 2012 iliyopewa fedha na mashine iliyokosa wakati ule.

Kinachobadilika hasa ni safari. Katika ya kwanza, toleo la Dark Arisen ulilocheza kwenye PS4, unapewa Ferrystone (jiwe la kukuhamisha papo hapo) isiyokwisha, unaruka kutoka mji hadi mji na barabara unaisahau. Katika ya pili kila Ferrystone ikitumika imekwenda, na dukani moja ni dhahabu 10,000. Kwa hiyo utatembea, au utapanda mkokoteni wa ng'ombe usinzie, uamshwe na majini ya njiani. Anayependa kufika haraka ataichukia gemu hii ndani ya saa tano. Anayependa njia hataki hata kufika.

Ulichokizoea na hutakikuta: hydra (nyoka wa vichwa vingi), na kisiwa cha Bitterblack. Hakuna shimo refu namna ile la kwenda kujipima baada ya hadithi kwisha, na hilo ni pengo la kweli. Kama ulimaliza mara mbili kwa ajili ya Bitterblack, usiiuze PS4 yako.

Mimi ni mtu wa upanga na ngao. Zamani nilikuwa na mbinu tatu za upanga na tatu za ngao. Sasa nahesabu nne tu! Wamenipunja?
*Mpiganaji, Mwanakwerekwe*

Wamekupunja mbili, ndiyo. Ya pili inampa kila mtu nafasi nne, awe Fighter (upanga na ngao), Mage (uchawi) au Thief (visu). Aliyefaidika ni Warrior wa panga kubwa, ambaye zamani alikuwa na tatu tu. Aliyeumia zaidi ni Strider: visu na upinde vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, sasa visu vimekwenda kwa Thief na upinde kwa Archer.

Ukitaka silaha zote, kuna kazi inaitwa Warfarer. Nenda kwenye chemchemi za maji moto za Volcanic Island, umtafute mzee Lamond, umpelekee chupa tatu za Newt Liqueur. Lakini kubadilisha silaha katikati ya vita ni mbinu yenyewe, Rearmament, nayo inakula nafasi moja. Kwa hiyo unabaki na tatu za kugawa kwa silaha zote ulizobeba. Na silaha zote hizo zina uzito. Ukibeba upanga mkubwa, fimbo na upinde pamoja, utakuwa unahema kabla hata hujamfikia cyclops, lile jitu la jicho moja.

Kwa upande mwingine, ya pili imekuondolea mzigo uliowasumbua watu miaka. Katika ya kwanza, nguvu unazopata kila leveli zinafuata kazi uliyonayo wakati huo na hazirudi nyuma: anayetaka mkono mzito anapanda leveli akiwa Assassin, anayetaka uchawi anapanda akiwa Sorcerer, na aliyecheza kiholela anajuta leveli ya 100. Katika ya pili nguvu zinafuata kazi unayofanya sasa. Badilisha utakavyo.

Nakunywa dawa lakini mstari wa uhai haujai. Kila pigano unazidi kuwa mfupi. Gemu yangu imeharibika?
*Msomaji, Chake Chake*

Haijaharibika. Hapa ndipo wanaotoka kwenye ya kwanza wanapojikwaa, kwa sababu kanuni imegeuzwa.

Kule, ukipigwa mstari unabaki na sehemu nyeupe. Uchawi wa Mage unajaza hiyo nyeupe tu, lakini jani au dawa inajaza mpaka mwisho. Ukiwa na mfuko wa dawa huna haja ya kulala.

Huku, kila pigo linakata kidogo kwenye kilele chenyewe cha mstari. Sehemu iliyokatwa inaonekana kijivu mwishoni, na wala Mage wala Salubrious Draught, ile dawa unayopata kwa kuchanganya majani mawili ya Greenwarish, haiifikii. Allheal Elixir inairudisha, ila ni adimu, usiimalize kwa goblini. Dawa ya kawaida ni usingizi: gesti mjini, au kambi porini.

Kambi inataka hema. Kabla ya kulitandika, safisha majini yote karibu, kwa sababu ukivamiwa usiku hema linaweza kuharibika na ukabaki huna la kulalia. Pika nyama kabla ya kulala, inakuongezea nguvu kwa muda. Nyama mbichi usiibebe siku nyingi, itaoza mfukoni kama samaki aliyesahauliwa juani Darajani.

Pawn wangu analalamika kichwa kinamuuma na amri hasikii. Wenzangu wananitisha kuwa atauwa mji mzima. Ni kweli?
*Msomaji, Kiembesamaki*

Kweli kabisa, na usiende kulala gesti leo. Huo ni ugonjwa wa Dragonsplague, ambao katika ya kwanza haukuwapo. Unaambukizwa kutoka kwa Pawn wa kukodi. Dalili ni hizo ulizotaja, kisha macho yanawaka mekundu. Ukilala mjini ukiwa naye katika hali hiyo, unaamka watu wamekufa, wakiwemo wenye maduka na wenye misheni zako.

Mbebe Pawn wako umtupe baharini au kwenye mto wenye kina, maji yale yanammeza. Kisha nenda kwenye jiwe la Riftstone umwite tena, atarudi mzima. Ni ukatili, lakini hana kinyongo.

Kama umekwishachelewa, chumba cha maiti cha Vernworth ndipo miili inapopelekwa. Wakestone moja inamfufua mtu mmoja, na vipande vitatu vinaunda Wakestone moja. Anza na wenye misheni. Baada ya malalamiko mengi, sasisho la 2024 lilipunguza maambukizi na kuzifanya dalili zionekane zaidi, kwa hiyo kama unacheza diski bila kuunganisha intaneti, sasisha kwanza.

Tunacheza PS5 moja ndugu wawili na umeme unakatika. Tunahifadhije bila kufutiana?
*Msomaji, Wete*

Kila akaunti ina hifadhi moja tu, kama ilivyokuwa kwenye ya kwanza. Mdogo wako akianza gemu mpya kwenye akaunti yako, yako imekwenda. Kila mmoja afungue akaunti yake kwenye mashine hiyohiyo. Kopi iliyonunuliwa kwenye akaunti moja inachezeka na nyingine, mradi mashine imewashiwa ruhusa ya kushirikiana.

Ndani ya hifadhi hiyo moja kuna milango miwili: ulipohifadhi mwisho, na ulipolala gesti mwisho. Gemu inajihifadhi yenyewe mara kwa mara, hivyo mlango wa kwanza unaweza kukurudisha palepale ulipoharibu. Lala gesti kabla ya jambo lolote zito, mradi Pawn wako hana ule ugonjwa wa swali lililotangulia. Kuhusu umeme, UPS (betri ya akiba) ndogo ya kukupa dakika kumi uzime kwa adabu inatosha.

Kompyuta yangu inakwama nikiingia Vernworth tu, porini iko sawa. Nimeshusha picha mpaka chini, bado.
*Msomaji, Mombasa Kwa Mchina*

Kadi ya picha huionei bure? Tatizo ni prosesa. Kila mtu mjini pale anahesabiwa mwendo wake, na kazi hiyo haipungui ukipunguza ukali wa picha. Masasisho ya 2024 yamepunguza mzigo, yaweke kwanza. Funga kivinjari na programu nyingine zote, kisha weka kikomo cha fremu 30 kwa sekunde ili mwendo usiruke-ruke. Prosesa iliyo chini ya Ryzen 5 3600 au Core i5-10600 haifikii kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa, hapo hakuna ujanja. Kwa mashine hiyo cheza Dark Arisen, iliyofika kwenye kompyuta 2016 na inakwenda laini hata kwenye kompyuta za zamani.