Jumuiya Isingoje Msiba

Katika vigango vyetu vya Kanisa Katoliki vya Masasi na Ndanda, kusini mwa Tanzania, mtu akifariki hakuna anayehitaji kuhimizwa: jua halijazama, turubai limeshafungwa, kina mama wameshagawana kazi za jikoni, na katibu ameshafungua daftari la rambirambi. Ugonjwa wa muda mrefu haupewi mpangilio huo. Mgonjwa huombewa katika sala ya jumuiya, hutumiwa salamu za pole, kisha baada ya wiki chache hasikiki tena, si kwa ubaya wa watu bali kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa kazi. Baada ya kumuuguza mama mkwe kwa muda mrefu, ninachoshauri ni kwamba jumuiya ipange uuguzaji kwa makini kama inavyopanga mazishi. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kama hizi zetu, za majirani wanaosali pamoja, kuwa kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi kwa majirani, na jirani ndiye anayejua ni nyumba gani haikuwasha moto leo.

Anayetaka kusaidia asiulize tu, "Mnahitaji nini?" Aliyechoka atajibu kwamba wanamshukuru Mungu, na mazungumzo yataishia hapo. Mama mkwe alipolazwa Ndanda, mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia, "Dada, Jumanne na Ijumaa uji wa mama ni wangu. Siku hizo wewe lala." Alifika na chupa ya chai yenye uji wa mtama na kikombe alichokifunga kwa kitambaa, akamnywesha mgonjwa polepole, akaondoka na kanga za kufua. Hakuketi kusimulia habari za waliokufa kwa maradhi kama yale (wapo wanaofanya hivyo, tena kwa nia njema kabisa).

Kuhusu fedha, tuzingatie majira yetu. Malipo ya minada ya korosho yanapoingia, kati ya Oktoba na Desemba, kuchangia si kazi ngumu. Ifikapo Februari mahindi bado yako shambani, ada za shule zimeshakula akiba, na mgonjwa naye hachagui mwezi wa kuugua. Kwa hiyo mhazini akusanye mfuko wa wagonjwa wakati wa korosho, kila kaya kwa uwezo wake, badala ya kupitisha kapu siku mtu anapozidiwa. Jumla itangazwe, lakini majina na viwango visisomwe hadharani, kwa maana mjane aliyetoa shilingi mia tano akiaibishwa mara moja, safari ijayo hatatoa wala hataomba.

Kupokea ni kugumu zaidi, hasa kwa aliyezoea kutoa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nakubaliana nao, ingawa kusema shida yako si lazima kuitangaza mbele ya watu wote. Mwambie mwenyekiti, au mtu mmoja unayemwamini, na utaje jambo lenyewe: nauli ya kwenda hospitali, kuni, au mtu wa kulala na watoto. Mkubaliane pia ni habari gani za ugonjwa zitatajwa kwenye sala na zipi zibaki kwenu. Ukipewa fedha, eleza zilivyotumika, kisha usijisumbue kutafuta cha kurudisha upesi kana kwamba umekopa. Majirani Waislamu wakileta chakula, pokea vilevile. Katika mikoa yetu hii tumezikana na kuuguzana siku zote, na koo nyingi zina watu wa dini zote mbili.

Jambo moja bado linaleta ubishi: yule asiyehudhuria. Jumuiya nyingi zina desturi ya kutomhudumia mtu ambaye haonekani kwenye sala, na ninaelewa kwamba inakusudiwa kuzuia uvivu. Hata hivyo, wengine hawaji kwa sababu miguu imeshindwa, au wanaona haya kwa kukosa mchango. Kabla katibu hajafuta jina la mtu daftarini, aende kwanza nyumbani kwake, akae, amsikilize.